Kuchuja na Kusafisha si Jambo Moja

Mtoto wa Nyamira hulijua chujio kabla hajaijua shule. Katika nyumba nyingi za Gusii chai huchemshwa pamoja na maziwa na sukari katika sufuria moja. Na asubuhi, kabla watu hawajashuka shambani kuchuma majani mabichi, chombo kidogo chenye wavu wa waya hushikwa juu ya kikombe, chai ikapita, majani yakabaki. Tendo hilo ndilo kuchuja. Kwa kuwa neno lenyewe ni la kila siku, ni wachache wanaosimama kuuliza lina asili gani na lasema nini hasa. Walakini katika vilima vya Kisii na Nyamira, ambako watu wengi hunywa maji ya chemchemi, kutojua mpaka wa maana ya neno hili kwaweza kumlaza mtu kitandani.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kutenga kilicho chema na kilicho taka, na kila kimoja kina kazi yake. Mpunga na wimbi hupepetwa katika ungo ili upepo uchukue makapi. Unga huchekechwa kwa chekeche, au kama wasemavyo wengine, huchungwa kwa chungio. Mchele wenye mawe huchaguliwa kwa vidole. Kuchuja kumewekewa vitu vya majimaji peke yake: chai, uji, maziwa, asali, pombe, dawa ya mizizi, maji. Mtu akisema kwamba amechuja unga, msikilizaji atadhani kwamba unga huo ulikorogwa maji kwanza. Mipaka hii haifanani katika lugha zote zilizo jamaa na Kiswahili. Wakikuyu hutumia kitenzi cunga, ambacho kwa sauti ni ndugu wa chunga cha Kiswahili, lakini wao hukitumia hata kwa uji na chai. Waganda nao wana kitenzi chao kingine kabisa, kusengejja. Kila taifa limekata nguo yake kwa kimo chake.

Kuchuja ni neno la Kibantu, halikuja na majahazi. Anayetaka kuliona likifanya kazi yake ya zamani na aende pwani, aingie jikoni. Nazi huvunjwa, hukunwa kwa mbuzi, kisha hutiwa maji na kukamuliwa ndani ya kifumbu au kung'uto, vyombo vilivyosukwa kwa mkono. Tui la kwanza hutoka zito na jeupe. Nazi ile ile ikitiwa maji tena hutoa tui la pili, jepesi, ambalo hutangulia kupikiwa na lile zito hutiwa mwisho. Kinachobaki ni chicha. Wapwani walikipa jina kile kilichobaki kwa sababu nacho kina matumizi yake: kuku hula. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba mpishi hachuji tui kwa kuwa nazi ni chafu. Nazi ni safi tangu ilipovunjwa. Anachuja ili atenge kitu na kitu. Chujio halijui uchafu. Hujua ukubwa tu. Kilicho kidogo kuliko tundu zake hupita, kilicho kikubwa hubaki, na kazi ya kuamua kipi ni chema ni ya mpishi.

Katika neno hilo limezaliwa kundi la maneno mengine. Nguo ikifuliwa mara nyingi rangi hutoka pamoja na maji, na watu husema nguo imechujuka. Mwimbaji aliyevuma zamani na sasa hana sauti husemwa amechuja, kana kwamba utamu wake umepita ukaenda na maji na yeye amebaki chicha. Katika michezo na siasa neno limegeuka upande wa pili. Timu zikiwa nyingi huchezwa mechi za mchujo. Na vyama vinapotafuta wagombea hupigwa kura za mchujo, ambazo wenyeji wa Kisii na Nyamira huzijua vizuri kwa kelele zake. Hapo anayetafutwa ni yule atakayebaki, na wanaopita chini husahauliwa. Katika chai mnywaji hutaka kilichopita, katika uchaguzi hutaka kilichobaki, na neno ni lile lile moja.

Kinyume cha hayo, safi si neno la Kibantu. Limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni ya vitu vya majimaji: maji yasiyo na tope, yaliyotulia hata ukaona chini. Katika mzizi huo huo Waarabu wana kitenzi cha kuchuja na jina la chujio. Na jina hilo la chujio ndilo waliloliita hata kiwanda cha kusafishia mafuta yachimbwayo ardhini. Jina la Mustafa, ambalo limeenea toka Mombasa mpaka Morocco, ni la mzizi huo pia, na maana yake ni aliyeteuliwa, yaani kama mtu aliyetengwa na wengine akapatikana mteule. Basi wazo la mchujo wa watu ni la kale, tena si la Waswahili peke yao.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Kwa Mwarabu, tendo la kuchuja na hali ya kuwa safi zimeshikamana katika shina moja la neno. Waswahili walipochukua safi kwa Waarabu walichukua hali tu, wakaacha tendo, kwa sababu kitenzi cha tendo walikuwa nacho tayari. Kwa hiyo Kiswahili kimebaki na mashina mawili yasiyojuana, na mtu aweza kusema, bila ya kujipinga mwenyewe, kwamba maji haya yamechujwa lakini si safi. Lugha haimlazimishi kuamini kwamba jambo la kwanza limeleta la pili. Ni faida kubwa, ijapokuwa haitumiwi sana.

Waingereza nao wana filta, neno ambalo sasa limeingia katika kila gereji toka Kisii mjini hadi Keroka. Asili yake ni kitambaa. Makabila ya Kijerumani ya kale yalikuwa na neno la kuitia nguo nzito isiyofumwa, bali iliyoshindiliwa kwa manyoya ya kondoo mpaka yakashikamana, kama ile ya kofia za wazungu. Waandishi wa Kilatini wa zama za kati walilichukua neno hilo wakalifanya filtrum, kwa kuwa kitambaa hicho ndicho kilichotumiwa kuchujia. Kwa hiyo fundi anayefungua filta ya oili ya matatu anataja, bila ya kujua, manyoya ya kondoo wa Ulaya. Waswahili wamegawanya kazi kati ya maneno haya mawili kwa busara: filta ni ya mashine na ya sigara, chujio ni la chai. Hakuna aombaye filta jikoni. Na kwa kuwa sigara imetajwa, yafaa kukumbuka kwamba filta zake zilienea katika miaka ya 1950, wakati madaktari walipoanza kueleza kwamba sigara huleta saratani ya mapafu. Wavutaji wengi walipumua kwa kutulia, wakidhani sumu imechujwa. Haikuwa hivyo.

Kutulia kwa namna hiyo kuna historia ndefu. Katika Injili ya Mathayo Yesu aliwakemea waandishi na Mafarisayo kwa mfano wa mtu anayechuja kinywaji chake ili asimeze mbu, kisha akameza ngamia. Wasikilizaji wake walikuwa na desturi ya kupitisha divai katika kitambaa, kwa hiyo walicheka na kuumia kwa pamoja. Mtu anayechuja maji ya mto kwa leso hufanya kinyume cha Farisayo yule: humzuia ngamia, akammeza mbu.

Wagusii wenyewe wana ufundi wao wa kuchuja, na huo wastahili kuelezwa kwa utulivu. Pombe yao ya asili, amarwa, hutengenezwa kwa wimbi, ambalo huitwa obori. Wimbi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa likawa kimea. Unga uliochachushwa hukaangwa, kisha vyote huchanganywa na maji na kuachwa viumuke. Kinachopatikana ni kitu kizito, chenye makapi mengi, ambacho hakinyweki kwa kikombe. Wazee walikaa kwa duara kuuzunguka mtungi uliotiwa maji ya moto, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mirija hiyo huitwa chinkore. Desturi hii wanashirikiana na majirani wengi wa magharibi ya Kenya na mashariki ya Uganda, kama Wabukusu na Wateso, na ufundi wake uko katika ncha ya chini, inayozama katika pombe: hapo huwekwa kichujio kidogo kilichosukwa, chenye tundu nyembamba, ili kioevu kipande na makapi yabaki mtungini.

Mrija wenye chujio si jambo la Afrika peke yake. Katika mwaka 1897, kaburi la kale lilifukuliwa huko Maykop, kaskazini ya milima ya Caucasus, na ndani yake zikatoka fimbo nane za dhahabu na fedha, zenye uwazi ndani. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu walidhani ni nguzo za hema au fimbo za enzi. Mwaka 2022 wataalamu wengine walizichunguza upya, wakaeleza kwamba ni mirija ya kunywea pombe, yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Maana ncha zake zilikuwa na vichujio vya matundu, na katika kimoja kilibaki chembe za wanga wa shayiri. Mzee yeyote wa Gusii angalionyeshwa fimbo hizo mwaka ule wa 1897, huenda shauri lingalikwisha siku ile ile.

Siku hizi busaa huchujwa kwa kitambaa au gunia kabla ya kuuzwa, ikanywewa kwa kikombe. Mabadiliko hayo yaonekana madogo, lakini yamebadili mengi. Chujio lilipokuwa katika ncha ya mrija, mnywaji alihitaji kualikwa, kuketi mahali pake katika duara, na kuheshimu mpangilio wa wazee. Chujio lilipohamia mdomoni mwa pipa, pombe ikawa bidhaa, na yeyote mwenye shilingi akaweza kunywa amesimama.

Na kuna pombe isiyohitaji kuchujwa. Chang'aa hukenekwa, yaani pombe huchemshwa, mvuke wake ukapozwa na kutona tone moja moja. Hutoka angavu kama maji ya chemchemi, haina shapo hata chembe. Katika mwezi wa Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Methanoli haina rangi. Hakuna kitambaa, mchanga wala karatasi inayoweza kuitenga na pombe ya kawaida, na macho hayawezi kuiona. Aliyeinua glasi juu ya taa akaona weupe wake hakuwa amepima kitu.

Sasa yafaa kurudi kwenye maji.

Nchi ya Gusii imebarikiwa mvua. Katika sehemu nyingi hunyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo wake mwekundu ni wenye kina. Mvua hunyweka ardhini juu ya vilima, hupita polepole katika udongo na miamba, kisha hutokea chini bondeni kama chemchemi. Mto Gucha, unaopita mpaka Ziwa Viktoria, chanzo chake ni katika vilima vya Nyamira upande wa Kiabonyoru. Kilima chenyewe ni chujio. Ndiyo sababu maji ya chemchemi hutoka maangavu hata wakati mito imekuwa myekundu kwa tope, na ndiyo sababu wazazi waliyaamini.

Imani hiyo ilikuwa na msingi wakati watu walikuwa wachache. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576. Kwa kila kilomita moja ya mraba Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 900, na Nyamira zaidi ya 600. Mashamba ya Gusii aghalabu ni vipande virefu vinavyoanza juu kilimani na kushuka mpaka bondeni; baba akigawa, kila mwana hupata ukanda wake, na wajukuu hupata ukanda mwembamba zaidi. Nyumba hujengwa juu, karibu na barabara. Choo huchimbwa nyuma ya nyumba. Zizi la ng'ombe huwa karibu. Na chemchemi iko chini. Kila jambo liko mahali pake panapofaa, ila maji hushuka.

Udongo huchuja vijidudu kwa sababu ni mnene na njia zake ni nyingi na ndefu. Wengine hunaswa, wengine hufa njiani kwa kukosa chakula. Kazi hiyo huhitaji umbali na muda. Ushauri wa kawaida wa wataalamu wa afya ni kwamba choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi mbali na chemchemi au kisima, tena upande wa chini. Katika kipande cha shamba chenye upana wa hatua chache, mita 30 si kitu rahisi. Mara nyingine choo kiko umbali wa kutosha na chemchemi ya mwenyewe, lakini kiko juu kabisa ya chemchemi ya ndugu yake.

Maji yakitiliwa shaka, watu wengi hufunga kitambaa mdomoni mwa mtungi, wakayachuja. Kitambaa kinazuia majani, wadudu, mchanga na viluwiluwi. Lakini kijidudu cha homa ya matumbo kina urefu wa kama sehemu mbili au tatu za elfu ya milimita. Pamba iliyochakaa, ikikunjwa mara nne, hubaki na tundu za kama sehemu 20 za elfu. Kijidudu hicho hupita hapo kama kuku apitavyo katika lango la ng'ombe. Maji yanayotoka upande wa pili ni maangavu zaidi, na kwa sababu hiyo huaminiwa zaidi, ingawa kwa upande wa homa ya matumbo ni yale yale.

Hata hivyo kitambaa kisidharauliwe. Katika Bangladesh wataalamu waliwafundisha wanawake wa vijiji 65 kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi, na katika taarifa yao ya mwaka 2003 walieleza kwamba kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Siri yake ni kwamba vijidudu vya kipindupindu, katika maji ya mabwawa na mito ya huko, hupenda kujishikiza juu ya viumbe vidogo vinavyoelea, na viumbe hivyo ni vikubwa kuliko tundu za sari. Kitambaa hakimzuii mpanda farasi, humzuia farasi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mnyoo wa Guinea. Mabuu yake hukaa ndani ya kiroboto cha maji, na kwa kuchuja maji, pamoja na kuwafundisha wagonjwa wasiingie mabwawani, ugonjwa uliokuwa na watu kama milioni 3.5 katika mwaka 1986 ulishuka mpaka watu wasiofika 20 kwa mwaka mzima wa 2023. Wachungaji na wasafiri wa Sudan walipewa mirija mifupi yenye wavu ndani, wakaivaa shingoni kwa kamba ili wanywe popote. Chinkore za wazee wa Gusii zina ukoo nayo kwa umbo, ijapokuwa kazi yake ni nyingine. Kenya ilipewa hati ya kuwa huru na mnyoo huo mwaka 2018.

Kuchuja kunaweza kuzuia hata vijidudu vyenyewe, ikiwa chujio limetengenezwa kwa kazi hiyo. Mfano unaotajwa sana ni ule wa Ujerumani katika mwaka 1892. Mji wa Hamburg ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila ya kuyachuja. Altona, mji uliopakana nao mpaka barabara moja ikawa nusu ya huku na nusu ya kule, ulichota maji ya mto ule ule, tena upande wa chini, baada ya Hamburg kumwaga uchafu wake. Lakini Altona uliyapitisha polepole katika vitanda vya mchanga. Kipindupindu kilipoingia, Hamburg walikufa zaidi ya watu 8,000, na Altona uliguswa kidogo tu. Mchanga wenyewe una tundu kubwa kuliko kijidudu. Kinachofanya kazi ni utando wa ute unaoota juu yake baada ya siku nyingi, uliojaa viumbe hai vinavyokula vijidudu. Anayesugua mchanga wake kila wiki ili ung'are huuondoa utando huo, akabaki na mchanga mtupu.

Katika Guatemala mwaka 1981 ulibuniwa mtungi wa udongo uliochanganywa na vumbi la mbao au makapi. Ukichomwa, makapi huungua na kuacha njia ndogo sana, na maji hupenya tone kwa tone. Ufinyanzi wa namna hiyo umeenea katika nchi nyingi, hata Kenya. Na mwaka 2011, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Magharibi, kaya zaidi ya 800,000 ziligawiwa vichujio vya LifeStraw, vyenye nyuzi zilizo na matundu yasiyopitisha kijidudu. Vyote hivi huitwa chujio kwa Kiswahili, sawa na kile cha chai, na hapo ndipo neno moja linapobeba mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Mnunuzi hana budi kuuliza linazuia nini.

Kwa nyumba isiyo na chombo cha namna hiyo, kitambaa kina nafasi yake, nayo ni ya kwanza. Maji yenye tope huachwa yatulie, humiminwa bila ya kutikisa mashapo, kisha huchujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa, upande mmoja wa kitambaa ukiwa ni wa juu siku zote. Baada ya hapo ndipo huchemshwa mpaka yatokote, au hutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa katika chupa na kuachwa nusu saa. Wengine hugeuza utaratibu huu, wakatia dawa katika maji mekundu ili baadaye wayachuje. Hiyo ni dawa iliyopotea, maana klorini haichagui adui. Hujimaliza kwa tope na majani yaliyooza kabla haijafika kwenye vijidudu. Harufu ya dawa ikiwachukiza watoto, maji yaachwe katika chombo kilichofunikwa kitambaa chepesi mpaka asubuhi, na harufu itapungua.

Chemchemi yenyewe nayo yaweza kulindwa. Mahali maji yanapotokea huchimbwa, hujazwa mawe na kokoto, huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi na saruji, na maji yakatolewa kwa bomba ili mtu asichovye ndoo wala mguu. Watafiti waliofanya kazi hiyo katika chemchemi karibu 200 za Busia, na kutangaza matokeo mwaka 2011, waliona kwamba uchafu wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66 pale bombani; lakini katika maji yaliyokwisha kufika nyumbani ulipungua kwa asilimia 24 tu. Sehemu kubwa ya faida ilipotea katika dumu, katika kata, na katika mikono. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa kama robo.

Mawe, saruji na bomba hupatikana, na kazi ya mikono haikosi wenyewe. Kilicho kigumu ni kumwendea ndugu aliye juu ya kilima na kumwambia kwamba choo chake kinashuka katika mtungi wa mamake. Shauri kama hilo hufaa kuletwa mbele ya wazee au chifu mdogo kabla shimo halijachimbwa, na kupimwa kwa kamba huku pande zote mbili zikitazama. Kwa maana shimo likishajengewa kuta na kuezekwa mabati, hata ndugu mwema huanza kuhesabu hatua kwa miguu mifupi.